Bata Mzinga Chini ya Kitanda cha Mkwe

Kiota alikitengeneza Mama Mwenya kwa mikono yake mwenyewe, nyuma ya jiko, mahali pakavu pasipopita mtu. Alichukua kreti la mbao, akatandaza mchanga chini na majani makavu juu, akaning'iniza gunia mbele yake kama pazia, kwa sababu bata mzinga hapendi kutaga mbele za watu. Hata jiwe jeupe la mviringo alilitia ndani limshawishi. Halafu akangoja. Bata mzinga akakitazama kiota kwa jicho la kushoto, akakitazama kwa jicho la kulia, akaenda zake. Msiseme ndege huyu hana akili. Anayo, ila ni akili ya kukusumbua wewe.

Aliitwa Princesse, na ndiye jike pekee aliyekuwa amebaki. Mwaka mmoja nyuma walikuwa kumi na wanane katika lupango lile la mtaa wa Kasungami, lenye nyumba kubwa mbele, aneksi ya vyumba viwili nyuma na ukuta wa matofali kuzunguka. Kisha Mama Mwenya akaingiwa na huruma: akakubali kuku wa jirani yake Laurentine walale kwake wiki moja, Laurentine akiwa msibani. Kuku hawakuumwa hata kidogo. Bata mzinga ndio walioanza kuharisha njano, wakalegeza mabawa, wakafa mmoja mmoja mpaka wakabaki wawili. Tangu hapo Laurentine husalimiwa akiwa nje ya geti, yeye na viatu vyake.

Wa pili kati ya hao wawili alikuwa dume, Directeur, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyotembea. Mwezi wa kumi Directeur alitoka akaenda barabarani, akatanua mkia, akalitisha lori lililokuwa likienda Kasumbalesa. Lori halikutishika.

Sasa mambo yalikuwa hivi. Jike wa bata mzinga akishapandwa, huendelea kutaga mayai yenye uhai kwa majuma kadhaa hata kama dume amekufa. Mayai ya majuma hayo ndiyo yaliyobaki. Princesse akiyaangua, kundi linaanza upya. Akishindwa, ukoo umekwisha. Na kundi lile lilikuwa la marehemu mume wa Mama Mwenya, Léonard. Siku kampuni ilipomwachisha kazi, Léonard hakurudi nyumbani analia; alirudi na bata mzinga wawili ndani ya gunia, akasema hawa hawawezi kumfukuza. Kwa hao wawili na watoto wao na wajukuu wao, mabinti zake Deborah na Gracia walisoma mpaka wakapata diplome. Mama Mwenya aliachiwa na mumewe nyumba na ndege, na kati ya viwili hivyo, nyumba haikuwahi kumkimbilia kwa furaha ilipomwona anatoka sokoni. Aliwapenda ndege wale, wala hakuona haya kulisema.

Katika aneksi alikaa mkwe wake Chanda, mume wa Gracia, fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Nyumba waliyopanga Naviundu iliingia maji ya mto, wakaja kukaa mwezi mmoja tu. Mwezi huo ulikuwa unakaribia kutimiza mwaka. Na kwa watu wa ukoo wa Mama Mwenya, mama mkwe na mkwe wa kiume ni buko: hawatazamani usoni, hawazungumzi, hawali pamoja, mmoja haingii chumbani mwa mwenzake, na kitu hakitoki mkononi mwa huyu kikaingia mkononi mwa yule. Kinawekwa chini, aliyekiweka anarudi nyuma, ndipo mwenzake anakiokota. Si chuki, ni heshima. Heshima hiyo hudumu mpaka siku ukoo wa mke unapomwingiza mkwe: mashangazi wanapika, kuku anachinjwa, mkwe analishwa mbele ya mama mkwe, na tangu siku hiyo anakuwa mtoto wa nyumbani. Chanda alikuwa ameoa miaka mitatu na alikuwa bado hajaingizwa.

"Nitamuingisha siku nitamuyua," Mama Mwenya alimjibu Gracia kila alipoulizwa. Mtu usiyemtazama wala kusema naye utamjuaje, hilo hakulieleza. Alichokijua cha Chanda ni kikohozi, maana kila alipotaka kukatiza uani alikohoa kwanza ili mama ageukie ukuta. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha chinichini, kama cha kuomba radhi. Kwa kikohozi hicho peke yake Mama Mwenya alikuwa ameshaamua kwamba binti yake ameolewa na mwanaume mlegevu.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi, Directeur akiwa bado hai, Deborah alijifungua mapacha huko Likasi, kwa kupasuliwa na kabla ya wakati. Desturi ilitaka mama ndiye aende kumuuguza. Mama akamtuma Gracia, yeye akabaki, kwa kuwa Princesse alikuwa amekaribia kutaga. Watu walisema. Acha waseme. Lakini katika hesabu zake zote Mama Mwenya alisahau moja: Gracia akiondoka, kati yake na mkwe hakuna tena mtu wa kupitisha neno.

Majuma matatu Princesse alitaga mahali asipopajua mtu. Kisha asubuhi moja hakuja kwenye mahindi. Mama Mwenya alimtafuta kwenye magugu, kwenye mtaro, nyuma ya choo, hata kwa Laurentine, akiulizia kutoka nje ya geti. Hakumwona. Alirudi amechoka, akakaa kwenye kigoda mbele ya jiko, machozi yakamlengalenga.

Saa kumi na moja jioni Chanda alirudi kazini, akakohoa, akapita, akaingia aneksi. Dakika haikuisha, ukapigwa ukelele.

"Mama yangu we! Nyoka! Nyoka mu chumba!"

Akatoka mbio na kiatu kimoja mguuni, akakumbana na mama mkwe katikati ya ua. Wote wawili wakageuka, huyu akatazama ukuta wa mashariki, yule wa magharibi. Wakasimama hivyo, wamepeana migongo. Na hapo Mama Mwenya akaisikia sauti iliyotoka dirishani: kufoka kwa muda mrefu, kwa hasira, kwa kiburi. Hakuna nyoka duniani anayejisikia vile. Alikuwa ni Princesse, naye alikuwa amelalia.

Joto lilikuwa limemfanya Chanda aache dirisha la chumba wazi kutwa, na mwanaume aliyeachwa peke yake hatazami chini ya kitanda. Hata juu hatandiki. Princesse alikuwa ameingia humo siku baada ya siku, akatagia kwenye rundo la magunia matupu, bila mtu kujua.

Mama Mwenya akachukua simu, akampigia Gracia aliyekuwa Likasi, kilomita mia na ishirini, ili Gracia ampigie mumewe aliyekuwa hatua ishirini.

"Uambie bwana yako asimuguse ule dindon. Asimuhamishe. Akimuhamisha, ataacha mayayi."

"Mama, Chanda iko wapi?"

"Iko pale ku mulango ya anexe. Namusikia anakohoa."

"Basi umuambie weye mwenyewe!"

"Gracia! Buko ni buko."

Jibu likazunguka Likasi likarudi: mayai yalikuwa kumi na moja, na Chanda hakuwa amegusa hata moja kwa sababu kila alipoinama alidonolewa. Kuhamisha kiota hakukuwezekana. Mama Mwenya alishawahi kumhamisha jike mmoja, mama yake Princesse, mchana kweupe, kwa nia njema kabisa. Jike yule akasimama, akayaacha mayai yakapoa. Laurentine naye hakuweza kuitwa aingie badala yake, na miguu yake inayotoka kwa kuku. Basi Princesse akae palepale, na mtu wa kumtunza awe Chanda, yule aliyemdhani nyoka.

Siku mbili mambo yalikwenda kwa njia ya Likasi. Siku ya tatu simu ya Gracia ikawa haipatikani. Huko hospitali umeme ulikuwa umekatika, na kila Mama Mwenya alipojaribu alijibiwa na yule mwanamke wa Kifaransa anayekaa ndani ya simu. Na hiyo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kuku akilalia, hushuka akala akarudi. Bata mzinga hujisahau. Hukaa juu ya mayai bila chakula wala maji mpaka akakauka, na wapo wanaokufa palepale, mayai yakiwa bado ya moto chini yao.

Mama Mwenya alizunguka ua mara nne. Mara ya tano akasimama chini ya dirisha la aneksi, akalipa mgongo, akajifunga kitenge vizuri, akasema kwa sauti kubwa akitazama ukuta:

"Weye Princesse! Leo siku ya tatu. Haukule, haukunywa. Muntu akikuacha vile, utakufa, na mayayi itakufa. Inapaswa muntu akutoshe. Na mikono mbili, chini ya mabawa, doucement, sababu yayi inaweza kukwama ku mabawa ianguke. Akupeleke inje. Mahindi iko, mayi ya kunywa iko, majivu ya kuoga iko. Vingt minutes, haipite. Umesikia, Princesse?"

Kutoka ndani kikaja kikohozi.

"Princesse," ikasema sauti ya Chanda, "miye niko soudeur. Siyue bintu bya dindon. Utaniluma tena, nitafanya namna gani?"

"Princesse, unaluma tu muntu mwenye woga! Muntu avale gants yake ya kazi."

Kikasikika kishindo, kufoka, kiti kuanguka, neno moja la Kifaransa ambalo mkwe hapaswi kulisema karibu na mama mkwe, halafu mlango ukafunguka. Mama Mwenya aligeukia jiko, lakini jicho la pembeni halina mwenyewe. Aliona glavu mbili nene za ngozi, na kati yao Princesse, amevimba, anavuta pumzi kama malkia aliyetekwa. Alipowekwa chini alisimama kwanza ameduwaa. Kisha akanya kinyesi kimoja cha siku tatu, kikubwa kuliko ngumi, kinachonuka hadi kwa Laurentine. Kisha akala kana kwamba mahindi yameumbwa siku ile, akanywa, akajitupa kwenye majivu.

Dakika kumi na nane baadaye alirudi ndani kwa miguu yake. Mama Mwenya akapumua. Chanda akachukua koleo, akazoa kinyesi bila kuambiwa na mtu. Hilo Mama Mwenya aliliona, akaliweka moyoni.

Tangu siku hiyo Princesse akawa ndiye mpitishaji wa maneno yote ya lupango. Simu ya Gracia ilirudi hewani, lakini hawakuihitaji tena, na Gracia alipouliza kulikoni aliambiwa tu kwamba mambo ni sawa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Chanda alimtoa jike, na kwa chaki yake ya kupimia chuma alichora mstari mmoja kwenye mlango wa aneksi, baada ya mitatu ya siku zilizopita, upande wa nje, ili mama naye ahesabu. Bata mzinga hulalia siku ishirini na nane. Siku ya kumi alifunga dirisha, akayamulika mayai kwa taa ya simu kama alivyoelekezwa, kisha akamtolea Princesse taarifa kwa sauti ya kufika jikoni.

"Princesse, tisa iko na mishipa. Mbili iko clair, akuna kintu."

"Princesse, ile mbili itoshwe, itaoza, itapasuka. Ile tisa, Mungu ailinde."

Tisa! Usiku ule Mama Mwenya alisali kwa ajili ya mayai tisa kuliko alivyosali kwa ajili ya mapacha wawili, kisha akamwomba Mungu msamaha.

Maneno mengine yakaanza kupita humohumo, yasiyokuwa ya ndege. "Princesse," alisema Chanda siku moja, "ile moshi mu jikoni inatosha muntu machozi. Makala iliingia mayi?" Jioni likakutwa gunia la makaa makavu mbele ya jiko, limewekwa chini, mwenyewe hayupo. "Princesse," alijibu mama kesho yake, "muntu anatoka ku kazi, analala na mukate na chai, ni mutoto wa shule?" Na sahani ya bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga ikawekwa kwenye kizingiti cha aneksi, imefunikwa. Asubuhi sahani ilikuwa palepale, imeoshwa. Mama Mwenya aliigeuza akaitazama hadi chini. Hata Gracia hakuosha sahani hivyo.

Siku ya kumi na tisa, Princesse akiwa nje na Chanda ameshaondoka, upepo wa mvua uliusukuma mlango wa aneksi ukajifunga. Dirisha nalo lilikuwa limefungwa. Princesse alikuja akaukuta mlango, akaugonga kwa mdomo, akaanza kutembea huku na huko akilia kwa sauti nyembamba. Mayai yalikuwa yanapoa. Mama Mwenya alisimama mbele ya mlango ule, mlango wa chumba cha mkwe wake. Hakuugusa. Alikimbia jikoni akaleta mchi wa kutwangia, akageuka, akaupa mlango kisogo, akausukuma kinyumenyume. Mara ya kwanza akapiga ukuta. Mara ya pili akapiga ndoo. Mara ya tatu mlango ukafunguka, na Princesse akapita kati ya miguu yake nusura amwangushe. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mwanamke wa miaka hamsini na minane, mama wa watu wenye diplome, akifungua mlango kwa mchi akiwa amefumba macho.

Alipomweleza Princesse jioni, huko ndani Chanda alicheka. Kilikuwa kicheko kizito, cha kutoka tumboni. Mama Mwenya alishangaa kwamba mtu mwenye kikohozi kile anaweza kuwa na kicheko kile. Kesho yake mlango ulikuwa na ndoano ya chuma, imechomelewa, ya kuuzuia usijifunge.

Mstari wa ishirini na nane ulichorwa siku ya Jumapili, mvua za mwezi wa kumi na mbili zikiwa zimepamba moto.

"Princesse!" Chanda aliita tangu asubuhi, na sauti yake haikuwa ya chinichini tena. "Minasikia batoto mu mayayi! Banalia!"

"Princesse, usipasule ata yayi moja na mikono!" akajibu mama kutoka jikoni, akimkataza ndege asiye na mikono. "Batoke bo benyewe!"

Hadi saa sita watatu walikuwa wametoka na wanakauka chini ya mama yao, na wengine walikuwa wamekwisha toboa. Mama Mwenya aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, akachemsha yai la kuku la kuwasagia, akakata majani ya kitunguu madogo kama vumbi. Aliimba wimbo wa kanisani. Saa nane mbingu zikafunguka.

Haikuwa mvua ya kusimulia, ilikuwa mvua ya kukimbia. Ua ukajaa kwa dakika chache, na maji ya barabarani yakapita chini ya ukuta wa nyuma, yakielekea kwenye aneksi. Mama Mwenya alisimama mlangoni mwa jiko akiyaona, asijue la kufanya. Kiota kilikuwa sakafuni.

"Princesse!" ikapigwa kelele huko ndani. "Princesse, mayi..." Sauti ikakatika. Iliporudi haikumtaja ndege. "Mama! Mama, mayi inaingia! Dindon anabakanyaga batoto!"

Chanda akatoka. Alikatiza ua mbio, maji yakimfika kwenye vifundo, shati lake limekunjwa kifuani kama mfuko wenye vifaranga vinne. Kufika jikoni, akainama aweke alichobeba kwenye kizingiti na kurudi nyuma, kama alivyofundishwa, kama alivyofanya mwaka mzima. Kizingiti kilikuwa kinapitisha maji. Akabaki ameinama vilevile, mvua ikimpiga mgongoni, hawezi kuweka, hawezi kusimama. Kiganjani mwake alikuwa na kifaranga kilicholowa, shingo imelegea.

Ukikiweka chini kinakufa. Mama Mwenya alilijua hilo kuliko mtu yeyote Kasungami. Alilijua na lile jingine la buko pia, tangu akiwa msichana. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Usiweke chini," alisema. "Lete mu mukono yangu."

Chanda akainua uso. Ndipo walipotazamana, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi na macho ya mtu aliyeogopa kweli. Kifaranga kikatoka mkono hadi mkono, vidole vikagusana, vyote vya baridi. Dunia haikupasuka. Mvua iliendelea kunyesha kama kawaida.

"Ingine iko ngapi kule?"

"Batoto mbili, mama, na mayayi mbili. Mi siwezi kukamata dindon na kutosha batoto, mikono ni mbili tu."

"Twende."

Akatia watano wa kwanza kwenye sufuria yenye kitambaa karibu na mbabula, akajifunga kitenge kiunoni, akaingia mvuani. Kizingiti cha aneksi alikivuka bila kukitazama. Katika chumba cha kwanza aliona godoro limekunjwa juu ya mbao mbili. Katika cha pili alikiona kitanda. Kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali, manne kila mguu, wala hakikuwa na godoro. Akaelewa. Springi za kitanda kile cha zamani zilikuwa zimelegea. Mtu akilala juu yake zingemgusa Princesse mgongoni. Chanda alikuwa amelala sakafuni siku ishirini na nane. Hakumwambia mtu. Hakumwambia hata Princesse.

Mama Mwenya aliona haya, haya ya kweli, inayochoma masikio. Lakini si wakati wake. Chanda alivaa glavu akamkumbatia jike aliyekuwa akipiga mabawa kama mwendawazimu, na yeye akapiga magoti majini chini ya kitanda cha mkwe wake, akawakusanya waliobaki na mayai mawili katika kitenge.

Jikoni walikaa kando ya mbabula, kila mmoja na kitambaa, wakiwasugua mmoja mmoja. Kimoja kilifia mkononi mwa mama. Yai moja halikupasuka kamwe. La pili lilipasuka jioni, likatoa kifaranga chenye kelele kuliko wote. Chanda aliuliza kwa sauti ndogo wako wangapi. Mama Mwenya alihesabu mara mbili.

"Saba iko bazima," alisema, na hapo ndipo alipolia, mbele ya mkwe wake, bila kugeukia ukuta. "Saba, ba Chanda. Kundi ya Léonard iko."

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kifaranga cha kuku hutoka kwenye yai kinajua kula. Cha bata mzinga kinaweza kufa njaa kimesimama ndani ya chakula. Kinafundishwa. Unagonga sahani kwa kidole, unakigusisha ncha ya mdomo kwenye maji, unarudia, unarudia, na ukiona kimoja kimeelewa unashukuru, maana wengine watakiiga. Wala mama yao huwezi kumwachia, kwa sababu atawatembeza kwenye majani yenye umande mpaka waloe wafe, naye anajivuna. Chanda alichomelea tundu kubwa kwa vipande vya nondo, akaliweka jikoni, Princesse akafungiwa humo na watoto wake mpaka wapate manyoya ya kutosha. Siku tatu mtu na mama mkwe wake waliinamia tundu lile, wakigonga sahani, wakabishana.

Jumatano Gracia alirudi. Alifika mchana, begi kichwani, akakuta uani hapana mtu. Kisha akasikia sauti jikoni.

"Si vile, ba Chanda! Utamuzamisha pua mu mayi!"

"Mama, minagusa ncha tu."

"Ncha gani? Ule anapiga chafya!"

Gracia alisogea mpaka mlangoni. Aliwaona wote wawili, mama yake na mume wake, wamekaa kwenye vigoda viwili, magoti yakikaribia kugusana, kifaranga kimoja kati yao. Begi likamtoka.

"Mama! Nani alimuingisha? Ba shangazi balikuya? Balipika? Balichinja kuku, na miye siko?"

Chanda alishtuka, akataka kusimama, akataka kukohoa. Mama Mwenya akamshika mkono akamkalisha.

"Akuna kuku ilichinjwa," alisema. Akaonyesha kwa kidevu upande wa tundu, ambako Princesse alikuwa amewafunika watoto saba chini ya mabawa na anamfokea mgeni. "Ni ule alimuingisha. Na ule, hatumuchinje."

"Mama, ba shangazi batasema!"

"Baache baseme."

Kisha akapakua bukari, akaweka na samaki juu, na sahani ile hakuiweka chini. Akampa mkwe wake mkononi.

"Kula, mutoto," alisema. "Bukari inapola."

Chanda akanawa mikono, akala, mama mkwe wake akimtazama.